Nani Atalipa Dinari Mbili?

Mahubiri ya Jumapili, Ibada ya Pili
Masomo: Luka 10:25–37, Filemoni 8–21, 2 Wakorintho 8:16–21

 

Wapendwa, hadithi ya Msamaria Mwema tumeihubiri hapa mpaka watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kuisimulia wakiwa usingizini. Mafuta tunayajua. Divai tunaijua. Punda tunamjua. Lakini leo nataka tusimame kwenye mstari wa 35, mahali ambapo wahubiri wengi hupita haraka. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuendelea na safari, Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni. Akamwambia amtunze yule mtu, na kama gharama itazidi, atamlipa akirudi.

Mwambie jirani yako: huruma ina bajeti.

Ukisoma Mathayo 20 utaona dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kwa hiyo Msamaria alitoa mshahara wa siku mbili kwa ajili ya mtu asiyemjua jina. Halafu akaacha hesabu wazi. Huyu hakulia tu pale barabarani na kusema, "Pole sana, nitakuombea." Alilipa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo limenisumbua kwa miaka, na nimeomba ruhusa ya wazee kulisema hapa madhabahuni.

Miaka sita iliyopita tulipoteza maiki mbili hapa kanisani. Aliyezichukua alikuwa kijana wetu, miaka kumi na mitano, mpiga ngoma wa kwaya ya vijana. Aliziuza. Hakukana. Tulikuwa na hasira, na nadhani ilikuwa na haki yake, kwa sababu maiki zile zilinunuliwa na sadaka za kina mama wanaouza mboga. Tukaripoti polisi. Ijumaa jioni mama yake akanipigia simu. Akasema, "Pasta, wamemlaza seli moja na watu wazima. Njoo umuombee hata kama hutamtoa." Nikamwambia wacha tungoje Jumatatu, wacha kidogo aonje ajifunze.

Jumatatu mahakama ilitaka mtu wa kumdhamini. Mama hakuwa na kitu. Baba hayupo. Sisi kanisa hatukutuma mtu. Kijana akapelekwa mahabusu ya watoto. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Miezi minne. Mwishowe kesi ikafa, kwa sababu sisi walalamishi hata hatukwenda kutoa ushahidi. Shule ilikuwa imeshampita.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda pale stejini. Kugeuka, ni yeye. Akanibeba mpaka nyumbani bila kusema neno. Nilipomlipa akaniuliza, "Pasta, zile maiki mlinunua zingine?"

Nikasema ndiyo.

Wapendwa, maiki tulinunua ndani ya wiki mbili. Tulifanya harambee, tukapata shilingi 18,000, na zikabaki za chai. Kwa kijana hatukuchanga hata shilingi moja. Hilo ndilo swali alilokuwa akiniuliza, na sikuwa na jibu.

Jambo la kwanza: aliyekosea pia ni jirani

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Lakini Pasta, yule wa Luka 10 aliibiwa. Huyu wako ndiye mwizi." Ni kweli. Ndiyo maana tumesoma Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na Paulo anaandika kama mtu anayejua huenda kuna hasara imetokea. Je, Paulo alisema hasara hiyo si kitu? La. Alimwambia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni liandikwe juu yake Paulo, na akaandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Kosa lilitajwa, hasara ikahesabiwa, na mtu akasimama kulipa ili kijana arudi nyumbani akiwa ndugu.

Hiyo ndiyo injili yenyewe, amina? Wewe na mimi tuko hapa kwa sababu kuna Mmoja aliyesema, "Andika juu yangu."

Na ajabu ni kwamba sheria ya nchi yetu imelikaribia neno hili kuliko sisi tunaokemea mapepo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama njia ya mwisho kabisa, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 iliinua umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kesi ya mtoto anayekubali kosa lake iondolewe kwenye mkondo wa mahakama. Anaweza kuomba msamaha, kurudisha alichochukua, kupewa ushauri nasaha, au kuwekwa chini ya uangalizi. Si kuachiliwa bure. Ni Filemoni iliyoandikwa kisheria!

Lakini sheria bila dinari mbili ni kuhani aliyepita kando akiwa amebeba torati mkononi. Ushauri nasaha unahitaji mshauri. Afisa wa watoto anahitaji nauli ya kufika nyumbani kwa huyo mtoto. Kumtenga na watu wazima kunahitaji chumba. Kijana akitoka anahitaji karo au cherehani au sanduku la vifaa vya kazi. Nani atalipa?

Jambo la pili: tusikubali kutupiwa mpira

Kuhani alipita. Mlawi akapita. Kila mmoja pengine aliwaza kwamba mwenzake atashughulika. Na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Ukiuliza kaunti, utaambiwa mahakama, probesheni na mahabusu za watoto ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli. Ukiuliza serikali kuu, utaambiwa fedha zimegatuliwa, nenda kaunti. Hapo pia kuna ukweli. Mtoto amelala barabarani kati ya Yerusalemu na Yeriko, na ofisi mbili zinasomeana Katiba.

Sikilizeni, na mwandike. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vituo vya kulea watoto, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na udhibiti wa dawa za kulevya. Hizo ndizo njia za kumfikia kijana kabla hajafika seli, na baada ya kutoka. Tena Katiba, kifungu cha 202, inaruhusu serikali kuu kuziongezea kaunti ruzuku juu ya mgao wao, yenye masharti au isiyo na masharti. Ruzuku yenye masharti ndiyo zile dinari mbili: fedha hii ni ya kumtunza mtu huyu, na nitarudi kuuliza. Haziendi kwa kitu kingine. Kwa hiyo tusikubali mtu atuambie hakuna njia. Njia ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuomba.

Na kuomba kuna majira yake. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo, sheria inataka wananchi wasikizwe. Nimehudhuria vikao hivyo. Watu wanaomba barabara, wanaomba taa, wanaomba soko, na ni haki yao. Sijasikia hata mara moja mtu akisimama kusema, "Mimi naomba fedha za watoto waliokosana na sheria." Kwa nini? Kwa sababu hao hawana kura, na mama zao wanaona haya.

Kanisa, tukinyamaza sisi, nani atasema? Mithali 31:8 inatuamuru tufungue vinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea.

Jambo la tatu: fedha ya huruma ni lazima ihesabiwe

Hapa naomba tusinuniane. Kukiwa na ruzuku, kuna watu huanza kusajili vikundi vya usiku mmoja. Na makanisa yamo. Paulo alipobeba mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8 inasema alimtuma Tito, na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kuwalaumu kuhusu kipawa kile. Alijali kuonekana mwaminifu mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtume aliyeandika nusu ya nyaraka alikubali kuhesabiwa. Mimi ni nani?

Kwa hiyo kanisa hili likiwahi kupokea hata shilingi moja ya kazi hii, iwe ya kaunti au ya mfadhili, itaandikwa, itasomwa hapa mbele, na wakaguzi hawatakuwa jamaa zangu. Anayesema amina aseme kwa sauti.

Na tusingoje serikali ndipo tuanze. Msamaria hakungoja Kaisari. Alitoa za mfukoni kwanza.

Wiki hii tufanye nini?

Wazee wamekubali mambo matatu. Kwanza, watu wanne wa kanisa, wakiwemo mama wawili, watajitambulisha kwa afisa wa watoto na kwa ofisi ya probesheni, ili mtoto wa mtaa huu akishikwa kuwe na mtu wa kupigiwa simu usiku. Pili, kila kikundi cha nyumbani kitatuma watu wawili kwenye kikao cha bajeti cha wadi, na ombi lililoandikwa, si malalamiko. Tatu, sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi itaitwa Dinari Mbili. Ni ya dhamana, nauli na karo ya kijana anayerudi. Toa ujira wako wa siku, kama unaweza. Kama ni wa nusu siku, Mungu anaona.

Upande wangu, kuna deni ambalo kamati haiwezi kunilipia. Alhamisi nilikwenda stejini. Nikamwita kando, nikamwambia, "Mwanangu, nilikosa. Nilikuacha." Alinyamaza muda mrefu, akachezea funguo za pikipiki. Kisha akasema mama yake ndiye wa kuombwa msamaha kwanza. Ana haki. Leo baada ya ibada nakwenda kwake. Naomba mniombee, maana sijui atanipokea vipi.

Tuombe. Baba, ulituandikia deni letu juu ya Mwanao. Tusamehe tulipopita kando tukiwa na Biblia mkononi. Wakumbuke watoto waliolala seli usiku wa jana. Wape maafisa na mahakimu moyo wa huruma, wape wanaopanga bajeti macho ya kuona, na utupe sisi mikono isiyofumba. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani
1. Ni kijana gani mtaani kwetu tumemfuta vinywani mwetu? Tutamfikia vipi?
2. Soma Filemoni 17–19. Je, kuna mtu unayeweza kusimama kwa deni lake?
3. Chagueni wawili wenu wa kwenda kikao cha wadi. Andikeni ombi moja, lenye sentensi zisizozidi tano.