Mawazo Yapite kwa Zamu

Sisi tukaao Tunduma twaona kila siku malori yaendayo Zambia na Kongo yakingoja mpakani. Kama yangesukumana yote langoni kwa mara moja, hata moja lisingevuka. Moyo nao ni vivyo hivyo. Usiku ada ya mtoto, bei ya kahawa na homa ya mama hupiga hodi pamoja, nasi hatulali wala hatutatui hata jambo moja.

Je, tuache kufikiri? La, asiyefikiri huliacha shamba lake liote magugu. Yatupasa kuliuliza kila wazo: Una kazi ya mkono sasa hivi? Likiwa nayo, tuinuke tuifanye. Mama apewe maji. Lisipokuwa nayo, na lingoje asubuhi. Kungoja si kupotea. Lori la mwisho nalo huvuka.