Kibarua Kilichopotea na Mapenzi ya Mungu

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata kesho yake. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, muda uliopotea ulilazimika kufidiwa, na likizo ndefu ikawa ya mashaka. Kwa mtoto wa mkulima wa Ngara au Biharamulo, likizo hiyo ndiyo msimu wa kutafuta nauli, madaftari na hela ya chumba: kuchuma kahawa, kupakua mizigo, kumsaidia wakala wa forodha Rusumo kujaza makaratasi. Aliyekosa kibarua mwaka ule alifarijiwa kwa neno tulilolizoea sote, kwamba ni mpango wa Mungu. Nashikilia kwamba neno hilo, likisemwa kwa mtu aliyepoteza kazi, ni kosa la kidini, hata kama msemaji ana nia njema.

Tuanze na yaliyotokea. Tanzania haikufungia watu ndani. Rais John Magufuli, ambaye Biharamulo inamkumbuka tangu alipokuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki, aliziacha nyumba za ibada wazi, akatenga siku tatu za maombi ya kitaifa kuanzia tarehe 17 Aprili, na akahimiza watu wachape kazi. Mtu angetazamia vibarua vibaki palepale. Lakini riziki nyingi za Ngara hupita darajani Rusumo, mpakani na Rwanda, na nchi hiyo ilikuwa imefunga mipaka yake tangu Machi 21, ikiruhusu mizigo na raia wanaorejea kwao. Kisha ikataka malori yabadilishiwe madereva mpakani, na mwezi Mei foleni ikasimama. Siku za kawaida, dereva aliyekwama ni mteja wa mamalishe asubuhi na jioni, na mamalishe akielemewa humwita kijana wa kumsaidia. Safari hii dereva mwenyewe ndiye aliyeogopwa. Katika mlolongo huo wote, baada ya kirusi chenyewe, kila hatua ilikuwa uamuzi wa binadamu. Baadhi ya maamuzi hayo yalikuwa ya haki, kwa kuwa yalikusudia kuokoa maisha. Ila uamuzi wa haki nao una gharama, na gharama ina mtu anayeilipa. Tukisema Mungu ndiye aliyepanga, hatuulizi tena nani alilipa, wala nani alipaswa kumsaidia kulipa.

Muumini atanijibu kwa maandiko. Waraka wa Yakobo unawaonya wanaojigamba kuhusu biashara zao za kesho, na Sura ya Al-Kahf inamkataza mtu kuahidi la kesho bila kutaja matakwa ya Mwenyezi Mungu. Nakubali, na ninaona hekima kubwa humo. Lakini maonyo hayo yamelengwa kwa mwenye kupanga, aupime moyo wake mwenyewe. Hayampi jirani ruhusa ya kumfafanulia mwenzake hasara yake. Rafiki zake Ayubu walikaa naye kimya siku saba, na hapo hawakukosea. Walikemewa kwa maneno waliyoyasema baadaye, walipojifanya wanajua Mungu alikusudia nini. Na katika mfano wa shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo, mwenye shamba anawakuta watu wamesimama bila kazi hadi jioni. Wanamweleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Yeye hawahubirii subira. Anawapa kazi, kisha anawalipa ujira wa siku nzima.

Wapo pia watakaosema kwamba kulilia kibarua wakati wengine walizika wapendwa wao ni kukosa shukrani. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu uhai kweli unazidi fedha. Hata hivyo, shukrani ya aliyepona haifuti deni la ada yake, na msiba wa jirani haugeuzi haki ya mwingine kuwa upuuzi. Mungu anayehesabu nywele za kichwa hashindwi kuona machozi ya aina mbili kwa wakati mmoja.

Jambo hili halijapita na korona. Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha kuwepo kwa virusi vya Marburg Biharamulo, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Ugonjwa mwingine ukija, mipango ya vijana itavunjika tena. Basi mapadri, wachungaji na masheikh wa Ngara na Biharamulo, kabla ya kumweleza kijana kuhusu mpango wa Mungu, muulizeni anadaiwa kiasi gani chuoni, kisha geukeni kwa waumini wenye mashamba, maduka na malori, muwaulize nani ana kazi ya kumpa wiki hii.