Gari Ni Langu

Wenye mali wana usemi mmoja waupendao sana: gari ni langu, nalifanya nipendavyo. Usemi huu una nusu ya kweli. Mtu aliyenunua gari kwa jasho lake ana haki ya kulifungua na kulifunga, kulipaka rangi, na hata kuliacha lioze chini ya mwembe. Lakini je, haki ya kuligusa gari ni haki ya kubahatisha pia? Swali hili napenda tulipime kwa kazi moja ndogo ambayo wenye magari kadhaa, toka Mtwapa hata Malindi, huifanya wenyewe nyumbani: kubadili plagi za gari lenye tabo.

Plagi ni kitu kidogo kinachotosha katika kiganja. Kazi yake ni kutoa cheche ndani ya silinda, ili mchanganyiko wa petroli na hewa upate kuwaka. Tabo ni mashine inayozungushwa na moshi utokao katika injini, nayo husukuma ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, na leo tabo imo katika magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani ambayo hushushwa katika bandari ya Mombasa.

Hewa iliyoshindiliwa ina ukaidi wake. Cheche hupata taabu kuruka ndani yake, na kwa sababu hiyo nafasi iliyo baina ya ncha mbili za plagi hufanywa ndogo. Katika magari mengi yasiyo na tabo nafasi hiyo hukaribia milimita 1.1, katika mengi yenye tabo ni milimita 0.7 au 0.8. Tofauti yenyewe haishindi unene wa ukucha. Jicho haliioni vema, na mkono hauisikii kabisa. Hujulikana kwa vibati vyembamba vya kupimia tu, na kwa kitabu cha gari kinachotaja kiasi kitakiwacho.

Sasa tuchukue mfano wa mtu asiyependa vibati wala vitabu. Amenunua plagi zinazofanana na zile za zamani, kazitia, kawasha injini, nayo imenguruma vizuri uani. Ameenda sokoni akarudi salama. Atashuku nini? Barabara ya pwani ni tambarare, nayo haiulizi maswali magumu. Walakini siku moja gari limejaa watu wa nyumbani kwake, naye anapita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke nyuma ya lori lililolemewa na mzigo. Anaingia upande wa kulia alipite. Anakanyaga mafuta kwa nguvu, tabo inashindilia hewa, na cheche inashindwa kuruka. Injini inakohoa, kasi inakatika, lori lingali ubavuni, na kwa mbele, upande wa Gede, basi linakuja. Hapo ndipo pa kumwuliza kama gari bado ni lake peke yake.

Askari wa barabarani hutazama magurudumu na taa. Hawezi kutazama ndani ya silinda. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hudai gari liwe katika hali njema, lakini jicho la sheria hukoma pale kifuniko cha injini kinapofungwa. Kilichobaki ndani ni amana baina ya mwenye gari na abiria wasiojua hata kama plagi zipo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya hayo ni kumwachia fundi kila kitu. Mimi sikubali moja kwa moja. Fundi wa jua kali aweza kuwa bingwa, na aweza kuwa mtu wa kubahatisha kama sisi. Kumpelekea gari hakumwondolei mwenyewe wajibu wa kuuliza, je, umezipima? Tena mtu wa nyumbani ana jambo moja ambalo fundi mwenye magari matatu mlangoni hana, nalo ni nafasi ya kungoja. Kazi hii yataka kungoja sana. Injini sharti ipoe kabisa, kwa kuwa kichwa chake aghalabu ni cha aluminiamu, na nyuzi za tundu la plagi huharibika upesi zikikorogwa zikali moto. Mchanga, ambao huku Malindi haukosekani popote, sharti upulizwe nje ya shimo kabla plagi haijang'olewa, usije ukaanguka ndani ya silinda. Katika Subaru Forester yenye tabo plagi zimelala ubavuni, na huenda betri ikatangulia kutolewa. Hapo ndipo subira za wengi hukatika. Kisha plagi mpya huanzwa kwa vidole, si kwa spana, mpaka ikae. Iliyo na wosha, yenye uzi wa milimita 14, huongezwa nusu mzunguko au zaidi kidogo, kama kasha lake lisemavyo. Aliye na spana ya kupimia nguvu na aitumie. Vijana wenye misuli huona haya kuachia hapo. Huongeza kidogo kwa ajili ya usalama, na kidogo hicho ndicho kikatacho nyuzi.

Lipo jaribu jingine, nalo naliona kubwa kuliko yote. Plagi za zamani husema. Iliyo na rangi ya kijivu au hudhurungi yaonyesha injini yenye afya. Nyeusi yenye masizi yaeleza kuwa petroli imezidi. Nyeupe iliyobabuka yaonya juu ya joto kali. Iliyolowa mafuta ya injini ina habari mbaya zaidi: huenda ringi za pistoni zimelika, au tabo yenyewe yavuja. Aliyezing'oa uani kwake, akazipanga juu ya kitambaa kwa taratibu ya silinda zake, amekwisha kuyajua mambo ambayo hakuna mwingine ayajuaye.

Na itakuwaje basi ikiwa alikuwa akikusudia kuliuza gari? Plagi mpya zitalifanya liende vizuri kwa muda, labda majuma, labda miezi, hata mafuta yazilowe tena. Mnunuzi wa samaki ufukoni hufunua mashavu ya samaki akatazama wekundu wake. Mnunuzi wa gari hana shavu la kufunua. Muuzaji akinyamaza hajasema uongo hata neno moja, na pengine atajitetea hivyo kwa miaka mingi. Lakini anajua kwamba bei aliyopewa ilikuwa ya injini nzima, na kwamba yeye aliiona ya pili kutoka mbele ikimeremeta mafuta. Kwa nini asiifunge plagi ile katika kipande cha gazeti, akamkabidhi mnunuzi kabla ya kutaja bei?