Waislamu tusiwapunje watoto wetu kwa kuuliza "wa ngapi?"

  

Ndugu Waislamu, katika Qur'an ipo sura iliyopewa jina la watu wanaopunja vipimo, Suratul Mutaffifin. Humo Allah (S.W.) anawaonya wale ambao wakipimiwa na wenzao hudai kipimo kijae hadi juu, lakini wao wakipima kwa ajili ya wengine hupunguza. Tumezoea kuihubiri sura hii kwa watu wa sokoni, kwa mwenye mizani ya samaki na mwenye debe la maharage. Leo naomba tuilete nyumbani, kwenye karatasi ya matokeo ya mtoto wa shule ya msingi.

Kilichonisukuma ni maswali ya wazazi. Nimetoa mawaidha Bukoba mjini na baadaye Muleba, na mada ilikuwa malezi. Lakini kila ulipofika wakati wa maswali, walioniuliza juu ya malezi walikuwa wachache. Wengi waliuliza juu ya alama. Mzee mmoja pale Muleba alisimama akasema: "Ustadhi, mwanangu mkubwa alipata 155 darasa la saba, akapewa B. Mdogo wake kapata 155 hiyo hiyo, kapewa C. Hapo hatujadhulumiwa?" Msikiti mzima ukaguna.

Swali lile halikuwa la kipuuzi, na jawabu lake ni hesabu. Zamani mtihani wa darasa la saba ulikuwa na masomo matano, kila somo alama 50, jumla 250. Daraja B lilianzia 151 na kuishia 200. Mwaka 2021 yakawa masomo sita, kwa kuongezwa Uraia na Maadili, na jumla ikawa 300. Kwa kipimo hicho A huanzia 241, B 181, C 121, D 61, na aliye chini ya 61 ana E. Kwa hiyo 155 ya kaka mtu ni asilimia 62, na 155 ya mdogo wake haifiki asilimia 52. Hakuna aliyempunja mtoto. Debe limekuwa kubwa, na mahindi ni yale yale.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu Waislamu tuna donda katika jambo la mitihani, nami sitaki kujifanya silijui. Mwaka 2012 tulilalamikia matokeo ya Maarifa ya Uislamu ya kidato cha sita, na Baraza la Mitihani likakiri kasoro, alama zikarekebishwa. Kudai haki ni wajibu. Lakini anayedai dhulma pasipo dhulma anaichosha sauti ya ummah, na siku dhulma yenyewe ikija hatasikilizwa. Basi tujifunze kwanza kipimo kinavyofanya kazi. (Na serikali nayo ijue kuwa wazazi huchoka. Kule sekondari matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA, ya mwaka 2015 yakarudi kwenye Division. Mzazi aliyehangaika mwaka mzima kujifunza lugha mpya alikuta imekwisha kufutwa.)

Badiliko la pili ni zito zaidi. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, likisema utaratibu ule hauna tija. Kagera tuliliona hilo kama kunyang'anywa kombe. Na kweli tulikuwa na la kujivunia: mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya lile tetemeko la Septemba 2016 lililobomoa nyumba na madarasa, shule iliyoshika nafasi ya kwanza na iliyoshika ya pili kitaifa darasa la saba zote zilikuwa za Kagera. Watu waliposhangilia redioni, niulize: mtoto wa shule ya kata kule Muleba, aliyekalia tofali na anayegawana kitabu na wenzake, alipata nini katika shangwe ile?

Jina la bingwa limeacha kutangazwa, lakini ugonjwa umebaki majumbani. Mtoto anarudi na ripoti, baba hajaitazama, swali la kwanza ni "umetoka wa ngapi?" Akisema wa 3, anapewa soda. Akisema wa 40, anapewa matusi. Hakuna anayeuliza wako wangapi darasani, wala kama huyo wa 3 anajua kusoma ufahamu na kuuelewa. Nafasi humlinganisha mtoto na jirani yake tu. Darasa likiwa dhaifu, wa kwanza anaweza kuwa na C. Darasa likiwa hodari, wa 40 anaweza kuwa na B. Daraja angalau linamlinganisha na kazi yenyewe aliyopewa.

Tuangalie mizani ya Mola wetu. Siku ya Kiyama kila mja atakabidhiwa daftari lake mwenyewe alisome. Hataulizwa alikuwa wa ngapi mtaani kwake. Na tunasimuliwa kuwa Sahaba walipocheka wembamba wa miguu ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Watu walipima kwa macho, naye akawaonesha kipimo kingine. Huyo Ibn Mas'ud aliyechekwa ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa Qur'an wa watu wa Kufa.

Na hapa ndipo ninapomwona mzazi katika Suratul Mutaffifin. Mtoto akifaulu, sifa tunazipokea zikiwa zimejaa, tunazitangaza harusini na msikitini, "mwanangu huyo!" Lakini kipimo tunachompa sisi, muda wa kukaa naye, daftari, taa ya kusomea, hata uji wa asubuhi, tunakipunguza. Tunadai debe lililofurika kutoka kwa mtoto tuliyempimia kibaba. Walimu wa madrasa nao wasijitoe, maana fimbo kwa mtoto wa mwisho katika kuhifadhi tunaijua sote.

Wenyeji wa Kagera wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mwenye shamba ana shida leo. Serikali imeipiga marufuku, wazee wanailaani. Lakini mtoto akipata D ya darasa la nne, wapo wanaofanya butura ya binadamu. Wa kiume anapelekwa visiwani, Bumbire au Goziba, akaanike dagaa. Wa kike anaambiwa kichwa chake kizito, akalee mtoto wa shangazi mjini. Ana miaka 10! Maua hayajawa hata punje. Ninyi mlio mijini mnaowapokea mabinti hao, Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, mnaonunua butura hiyo ni ninyi.

Kisingizio cha kwamba "hakuchaguliwa" nacho kinaondoka. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtihani wa mwisho wa msingi ulikuwa lango, wengine wakapita, wengine wakafungiwa. Sasa kazi ya matokeo inakuwa kueleza mtoto amefika wapi na anahitaji msaada gani. Basi ukipewa karatasi yenye D ya Hisabati, nenda nayo kwa mwalimu, muulize ni mada zipi. Huenda ni sehemu tu zinazomshinda, na hizo hata kaka yake anaweza kumfundisha jioni baada ya Maghrib.

Jambo la mwisho waliloniuliza Muleba ni la fedha. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanamalizia darasa la sita mwaka 2027, na waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanamalizia la saba mwaka huo huo wa 2027. Nyumba yenye watoto wawili waliofuatana itapeleka wote kidato cha kwanza kwa pamoja, sare mbili, madaftari mara mbili. Shule hufunguliwa Januari, na msimu wa kahawa huanza Mei. Niliwaambia wauze kahawa yao ikiwa kavu, watenge fungu la shule msimu huo huo wa mwaka uliotangulia, wamkabidhi mama wa nyumba alitunze.