Nasaba Zetu na Ushahidi Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, hapana mazungumzo yapendwayo zaidi katika mabaraza ya mji wetu huu wa Mvita kuliko mazungumzo ya asili. Mtu huketi baada ya Magharibi, kikombe cha kahawa mkononi, akahisabu babu zake mpaka Shiraz, au Omani, au Hadhramaut, na wenziwe wakaitikia. Sisi hatuoni ubaya katika kuijua nasaba. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu, na Hadithi hiyo ameipokea Imam Tirmidhi. Mirathi haigawanyiki bila ya nasaba, wala mtu hawajui maharimu zake bila ya nasaba. Lakini itazameni sababu iliyotajwa: ni kuunga udugu. Nasi twaona watu wakiitumia kuukatia.

Twasema hivi kwa kuwa yametufikia darasani, tena si mara moja, mas'ala ya kijana mwenye dini yake na kazi yake aliyerudishiwa posa kwa neno moja tu, kwamba hajulikani atokako. Na waliomrudisha, jee, wao wamejuaje watokako? Hilo hawakuulizwa. Basi tumeona tulieleze jambo hili kwa dalili.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat tuihakikishe khabari ituletwayo na mtu asiyeaminika, na katika Suratul Israa ametukataza kulifuata jambo tusilolijua. Kwa amri kama hizo maulamaa wa Hadithi walitembea nchi kwa nchi wakiuliza: nani amelisikia neno hili, kwa nani, na jee walikutana? Ikiwa maneno yanayonasibishwa na Mtume mwenyewe yalitiwa mizanini namna hiyo, hadithi ya babu yetu na jahazi lake ina haki gani ya kusamehewa?

Na mizani iko, tena nyepesi. Ibn Khaldun, aliyekufa Misri mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake kwamba kwa kawaida kila miaka 100 hupita vizazi vitatu. Basi chukua karatasi ya nasaba yako uhisabu. Mwenye kudai kwamba babu yake alishuka pwani hii mwaka 1200 hana budi kuwa na majina kama 25. Akiwa anayo tisa tu, tisa ni miaka 300, nayo yatamfikisha baada ya Wareno kutolewa ngomeni mwaka 1698, hatua moja tu nyuma ya enzi ya Mazrui. Hatusemi kwamba ni mwongo. Majina husahauliwa, na aghlabu yasahauliwayo ni ya katikati. Lakini mkweli husimama pale uliposimama ushahidi wake, wala haruki miaka 500 kwa pumzi moja.

Sasa tuitazame hiyo khabari ya Shiraz yenyewe, kwani ndiyo mama wa khabari zote. Iko taarikh ya Kilwa kwa Kiarabu, iliyochapishwa London mwaka 1895, isemayo kwamba mfalme wa Shiraz na wanawe sita walitoka kwa merikebu saba, na moja katika hizo ikafika Mombasa. Na iko khabari hiyo hiyo kwa Kireno, aliyoiandika João de Barros katika kitabu kilichotoka mwaka 1552. Huyo asema merikebu zilikuwa mbili tu, zilitoka Hormuz, na aliyekuja ni mtoto mmoja, jina lake Ali bin Hasan. Asema tena sababu ya kuondoka kwake: mama yake Ali alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na ndugu zake, ambao mama yao alikuwa Muajemi wa ukoo mkubwa, walimdharau kwa ajili hiyo.

Zingatieni hayo. Yule ambaye watu hujifakhirisha kwa kushuka kwake aliihama nchi kwa kukimbia dharau ya nasaba!

Huenda msomaji akasema: Mreno ni adui, aliuchoma mji wetu mwaka 1505, vipi tuupokee ushahidi wake? Twajibu kwamba aya ya Hujurat imetuamrisha kuhakikisha, haikutuamrisha kutupa. Mreno akieleza ubora wa vita vyake tutamshuku. Lakini katika mama yake Ali bin Hasan alikuwa na faida gani? Na huyo Ali si jina la kubuni. Shaba zenye jina lake zimeokotwa Kilwa, na mwaka 1984 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, na miongoni mwake zimo zenye jina hilo.

Kisha, mwaka 2023, ilitangazwa khabari ya wataalamu waliopima vinasaba katika mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa makaburi ya miji ya pwani, na miongoni mwa miji hiyo ni Mtwapa, jirani yetu, na Manda, na Faza, na Kilwa. (Kufukuliwa kwa makaburi ya Waislamu sisi hatukufurahii, na tungependa maulamaa waulizwe kabla ya jembe kushuka, lakini matokeo yamekwisha kuwako, na kuyafumbia macho hakuyaondoi.) Imeonekana kwamba damu ya Kiajemi imo kweli, na iliingia kwa wanaume, na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 ikazidi ile ya Arabuni. Na imeonekana kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika hii hii, nayo imeingia zaidi kwa upande wa wanawake.

Basi wazee wetu hawakusema uwongo, walisema nusu. Mababa waliwataja, na mama zao waliokuwa wenyeji wa nchi wakawaacha nje ya karatasi. Ushahidi huo tungaliweza kuupata bila ya kugusa mfupa mmoja, lau tungaliyasikiliza majina yetu wenyewe. Hisabuni Thenashara Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wafaza, Wapate, Wagunya na Wakatwa. Wangapi humo wameitwa kwa mji wa Uajemi? Hapana hata mmoja.

Nendeni Mama Ngina siku ya Jumapili jioni, pale watu wanapokula mihogo na kunywa madafu wakitazama meli zikiingia Kilindini. Upande huo wa kisiwa ndiko ulikokuwa mji wa kale wa Wakilindini, ambao Wareno waliuandika kwa jina la Tuaca, kabla wenyewe hawajahamia upande wa Mvita. Mibuyu ingaliko. Wengi wanaokaa chini yake hawajui kwamba palikuwa na mji. Na njia yenyewe wazee waliijua kwa jina la Azania Drive mpaka ikageuzwa baada ya uhuru, na kijana aliyeiona kwa mara ya kwanza ilipofunguliwa upya mwaka 2019 hana habari ya jina lile. Ikiwa jina la njia iliyotiwa lami hupotea katika umri wa mtu mmoja, majina ya babu 25 yatahifadhika vipi bila ya kuandikwa?

Na yaliyoandikwa nayo yataka kuulizwa yaliandikwa lini, na kwa haja gani. Serikali ya Kiingereza iliwagawa watu mafungu mawili, wenyeji na wasio wenyeji, na kodi za mafungu hayo hazikuwa moja. Katika miaka ya 1920 Waarabu walipewa haki ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, nao Waswahili wakanyimwa. Siku hizo asili ilikuwa ni mali. Basi karatasi ya nasaba iliyoandikwa miaka hiyo ili ipelekwe ofisini ni ushahidi wa mtu juu ya faida yake mwenyewe, na kila kadhi ajua ushahidi wa namna hiyo una uzito gani.

Liko jambo jingine watu hulinong'ona. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika pwani hii mwaka 1907, jana tu kwa hisabu ya Ibn Khaldun, na wengi walioachwa huru walibaki na majina ya mabwana zao. Ndiyo maana watu waogopa kufungua madaftari. Lakini Mwenyezi Mungu amelimaliza jambo hili katika Suratul Ahzab: ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na ikiwa baba zao hawajulikani, basi hao ni ndugu zetu katika dini. Huyo asiyejulikana atokako Qur'ani imekwisha kumpa jina. Na Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, Mtume (S.A.W.) alimwoza Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi lake.

Ama kufu, madhhebu yetu ya Shafi imeitaja, nasi hatuifichi. Lakini ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia ndoa ni sahihi. Mwaka 1905 Sheikh Rashid Rida aliulizwa katika al-Manar juu ya sharifa wa Singapore aliyeolewa na Mwislamu asiyekuwa sharifu, akajibu kwamba ndoa hiyo ni sahihi. Na Bukhari na Muslim wamepokea onyo kwamba Pepo ni haramu kwa mtu anayejiunga na asiyekuwa baba yake naye ajua, na Muslim amepokea kwamba kutukana nasaba za watu ni katika mambo ya ujahili. Mwenye kujipandisha na mwenye kumshusha mwenziwe wote wawili wameonywa.

Tuna ombi kwa wasomaji wetu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina masanduku yenye hati za waqfu, barua za kuuziana mashamba, na vyeti vya ndoa vya tangu sheria ya kuandikisha ndoa ya mwaka 1906. Msivichome, wala msiviuze kwa wageni. Visomeni pamoja na wazee wenu maadamu wako hai, kila jina mliandikie mwaka wake na karatasi lilikotoka, na palipokatika muandike kwamba pamekatika. Na mtakapoandika, kwa kila baba muandike na mama: jina lake, na mji wake, hata ukiwa ni Jomvu au Kilifi au Rabai.

Wallahu aalam.