Heshima ya Mtu wa Mwisho

Je, yafaa mtu aingie katika shindano ambalo yeye mwenyewe ajua, na watazamaji wote wajua, kwamba hana njia ya kulishinda? Wazee wengi watajibu upesi kwamba huko ni kujitafutia aibu, na kwamba nguvu na fedha za watu hazina budi kutumiwa penye tumaini. Jibu hilo lina busara yake, wala sisi hatulidharau. Lakini kabla ya kulikubali twaomba wasomaji wamtazame pamoja nasi mtu mmoja wa nchi jirani ya Kenya.

Philip Boit alizaliwa mwaka 1971 upande wa Eldoret, katika nchi ya wakimbiaji. Mike Boit, wa ukoo wake, alipata nishani ya shaba katika mbio za meta 800 huko Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa meta 800, na si wa kuchekwa. Lakini Kenya ya miaka ile ilikuwa na vijana wa mbio hizo wengi kupita kiasi, hata Wilson Kipketer, mzaliwa wa huko huko, aliivunja rekodi ya dunia mwaka 1997 akiwa chini ya bendera ya Denmark. Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ilimchukua Boit pamoja na mwenzake Henry Bitok, ikawapeleka Finland wajifunze kukimbia juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni. Boit alikuwa na umri wa miaka 24, wala hakuwa amepata kuiona theluji.

Wasomaji wetu wa Mufindi, Njombe na Makete waijua sakitu. Mwezi wa Juni na wa Julai huamka wakakuta majani yamekuwa meupe na viazi vimeungua shambani. Lakini sakitu jua likipanda huyeyuka. Theluji ya Finland hukaa miezi. Na mchezo wenyewe si mbio tu. Chini ya mbao hupakwa nta, ili zishike wakati wa kupanda kilima na kuteleza wakati wa kushuka. Mwenye kukosea nta aweza kurudi nyuma kila hatua, au kubeba madonge ya theluji njia nzima. Mtoto wa Norway huyajua hayo tangu utoto, kama mtoto wa Kilolo ajuavyo njia ya kisimani. Boit alikuwa na miaka miwili tu ya kujifunza.

Tarehe 12 Februari 1998, katika michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, alisimama kushindana kilometa 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa muda wa dakika 27 na nusu karibu. Boit alitumia dakika 47 na zaidi, akawa wa 92, wa mwisho kabisa wa wote waliomaliza. Dæhlie, ambaye kabla ya kustaafu alijikusanyia dhahabu nane za Olimpiki, hakwenda zake kupokea pongezi. Alisimama kwenye mstari wa mwisho akamngoja yule Mkenya, na alipofika akamkumbatia.

Wako waliosema kwamba hayo yote yalikuwa tangazo la biashara: kampuni ilitaka kuuza viatu, ikamtafuta Mwafrika wa kuwashangaza watu katika theluji. Neno hili latupasa kulipima, maana lina ukweli ndani yake. Kampuni haikutoa fedha kwa ajili ya mapenzi. Hata hivyo kusudi la mlipaji ni jambo moja, na tendo la mtendaji ni jambo jingine. Bwana shamba aweza kumwajiri mtu ili jirani waone shamba lake lilivyo kubwa. Yule mwajiriwa akilima kwa uaminifu, jembe lake halikuwa la majivuno. Fedha za Nike zilimfikisha Boit Finland, lakini hazikuweza kumpandisha kilima hata kimoja. Tungemlaumu kama angekwenda Nagano bila mazoezi, kujionyesha tu na kurudi na picha. Hakufanya hivyo. Alirudi tena Salt Lake City mwaka 2002, na tena Torino mwaka 2006, na alipokuwa nyumbani Kenya alijizoeza kwa mbao zenye magurudumu barabarani, watu wakimkodolea macho. Tangazo halidumu miaka 10.

Hapa Tanzania mtu wa mwisho tumjuaye zaidi ni John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani akichechemea, amefungwa bandeji, saa moja na zaidi baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Twamheshimu sana, na kwa haki. Lakini yatupasa kutofautisha. Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na msiba njiani. Mwaka 1970 huko Edinburgh, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano katika mbio hizo hizo. Nafasi ya mwisho ilimjia kama ajali. Boit aliiendea kwa macho wazi. Alikubali kuwa mwanafunzi mbele ya ulimwengu mzima, akiwa mtu mzima, katika kazi ambayo wengine walikuwa wameianza utotoni. Kwa maoni yetu jambo hilo la pili ni gumu zaidi kwa nafsi ya mtu, ingawa la kwanza ni gumu zaidi kwa goti.

Twayasema haya kwa ajili ya nyumba zetu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora wa nchi, na watu wengi wakabishana kama ni vema au ni vibaya. Lakini nyumbani bado twatangaza wenyewe. Mtoto huleta ripoti, na kabla ya kutazama amejifunza nini twatazama namba: wa ngapi, kati ya wangapi? Akiwa wa 70 kati ya 74, chakula cha jioni huliwa kimya. Hatuulizi kama mtoto huyo alianza darasa la kwanza hajui Kiswahili, kwa kuwa kwao huzungumzwa Kihehe au Kikinga tu. Hatuulizi kama atembea saa mbili kwenda shule. Twasoma namba kana kwamba wote walianzia mstari mmoja.

Wala hatusemi kwamba kuwa wa mwisho ni sifa. Mvivu naye huwa wa mwisho. Mzazi ana haki, tena ana wajibu, wa kujua kama mwanawe amechelewa kwa sababu ya uzembe au kwa sababu ya mlima. Kujua hivyo kwataka muda: kukaa naye, kufungua daftari, kumwendea mwalimu. Namba peke yake haiwezi kumwambia.

Dæhlie aliweza kumjua mwenzake kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepita vilima vile vile muda mfupi uliotangulia. Alijua vilimgharimu nini. Mtazamaji aliyekaa hakujua. Wawili hao wakawa marafiki, na Boit alimpa mmoja wa wanawe jina la Dæhlie.