Mmoja Anaambukiza Wangapi?

Wajukuu zangu mnaosoma sekondari hapa Ujiji, nawasikia mkisema hisabati ni ya watu wa benki. Hebu kaeni niwaambie.

Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko kwao waliteremkia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Watu zaidi ya 50,000 walirundikana ufukweni, vyoo havitoshi, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Liemba, meli yetu kuukuu ya tangu enzi za Wajerumani, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Kufikia tarehe 22 waliougua walikuwa kama 3,000, na waliokufa 31: wakimbizi 29, wenyeji wawili. Asije mtu akawaambia kwamba kosa lilikuwa la wakimbizi.

Shikeni hesabu. Tuseme kila mgonjwa anaambukiza watatu. Mmoja anazaa watatu, watatu wanazaa tisa. Mzunguko wa sita una wagonjwa 729. Sasa, katika kila watatu ambao angewaambukiza, wawili wawe wamekunywa maji yenye klorini, au wamechanjwa. Mmoja anazaa mmoja tu, ugonjwa haupandi. Ukiwakinga zaidi kidogo ya hapo, kila mzunguko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia, mpaka unazimika. Hamkuhitaji kumkinga kila mtu. Tena ile tatu haikai ndani ya kijidudu peke yake. Msongamano huipandisha, choo na maji safi huishusha. Ndiyo maana kuwaondoa watu Kagunga kulikuwa tiba, na Juni ile kambi ya Nyarugusu, walikohamishiwa, ikapewa chanjo ya kunywa.

Wazo hili ni la zamani. Ronald Ross, daktari aliyeona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, alionyesha baadaye kwa hesabu kwamba si lazima uue kila mbu. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria inakwisha. Mwaka 1927 wanasayansi wawili, Kermack na McKendrick, wakaandika kanuni zinazofuata makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliokwisha kupona au kufa. Kermack alikuwa mkemia aliyepofuka kwa ajali ya maabara miaka mitatu kabla. Aliyepofuka aliweza, ninyi wenye macho mnakimbia aljebra!

Lakini kanuni hula kile inacholishwa. Mgonjwa akifichwa kwa aibu, mtaalamu anapiga hesabu ya mji usiokuwepo, na klorini inapelekwa mwalo mwingine.

Kwa hiyo someni, na mkimwona mtu anaharisha maji kama ya mchele, iwe mwalo wa Kibirizi au wa Katonga, mpeni maji ya chumvi na sukari huku mkimwahisha zahanati siku hiyo hiyo, na hakikisheni ameandikwa.